“Call”, halafu nini? Hotuba kuhusu kitenzi cha Kiingereza cha kumwita mtu

Ndugu walimu, wafasiri, waandishi wa habari na wanafunzi, habari zenu.

Kitenzi tunachokizungumzia kina herufi nne tu, na mwanafunzi hukutana nacho katika masomo ya mwanzo kabisa. Kwa sababu hiyo hakuna anayekiogopa. Anayeanza hukitumia kwa maana moja na akafika salama. Wanaoteleza ni waliokwisha kuendelea: anayeandika ripoti, anayetafsiri taarifa ya habari, anayemwandikia barua pepe mtu asiyemjua. Hao hukiongezea kijineno kwa mazoea ya Kiswahili, maana inageuka, na mara nyingi hakuna wa kuwaambia.

Chanzo ni tofauti ya ujenzi. Kiswahili kikitaka kupanua “ita” hugusa mwisho wa kitenzi: itia, itisha, itwa, itana, itika. Kiingereza hakina minyambuliko ya namna hiyo. “Call” hubaki “call”, na kazi ya kauli zetu hufanywa na vitu viwili: mpangilio wa maneno yanayokifuata, pamoja na kijineno kifupi kama “for”, “on”, “off”, “up”, “in”, “out”, “back” au “at”. Ndiyo maana swali la “call ni nini?” halijibiki vizuri. Swali linalojibika ni “call, halafu nini?”

Tuanze na “call” inayofuatwa moja kwa moja na mtu: “Call her.” Hapa kuna maana mbili kubwa, mwite kwa sauti na mpigie simu. Siku hizi, bila muktadha mwingine, msikilizaji atachukua ya simu. Kama unamtaka mtu aliye chumba cha pili, Mwingereza ataelewa vyema zaidi ukisema “Could you ask her to come here?” au “Call her over.” Maana ya simu ni changa. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwezi Machi 1876, na “call” ilikuwa na karne nyingi kabla ya hapo; neno lenyewe linahusiana na “kalla” ya watu wa Skandinavia walioingia Uingereza enzi za kati. Mwanafunzi anayesoma hadithi ya miaka ya 1810 akakuta “Mr. So-and-so called yesterday” asitafsiri “alipiga simu jana”. Alikuja kutembelea. Tarehe ya kitabu inatosha kukuonya.

Kosa linalotawala hapa ni kuweka “to”: “I called to my mother”, “I will call to the office”. Tunajua linatoka wapi. Sisi husema kupiga simu kwa mama, kupiga simu ofisini, na hiyo “kwa” hudai mwenzake upande wa pili. Kitenzi cha Kiingereza hakimtaki. Ni “I called my mother”, “I called the office”, na nyumbani ni “I called home”, pakavu kabisa. Kinachochanganya ni kwamba “call” ikiwa nomino, “to” hurudi: “I made a call to the office.” Kwa hiyo mwanafunzi ameiona “call to” mahali fulani, na haoti. Isitoshe, kitenzi “call to” kipo, ila maana yake ni kumpaazia mtu sauti kutoka mbali: “She called to him across the field.” Ukimwandikia bosi wako “I called to you this morning”, umemwambia ulisimama mahali ukampigia kelele.

Namba nayo ina utaratibu wake. “Call this number” ni sahihi kila mahali. Ukimtaja mtu na namba pamoja, Uingereza husema “call me on this number”, Marekani husema “call me at this number”. Ile tunayoiandika sana, “call me through this number”, haimo upande wowote. Mkato wa mawasiliano pia una maneno yake: simu isipopatikana ni “I couldn’t get through”, ikikatika yenyewe ni “we got cut off”, mtu akikukatia kwa makusudi ni “he hung up on me”. Namba inayotumika wakati huo ni “engaged” kwa Mwingereza na “busy” kwa Mmarekani. Na kubipu? Mwombe Mwingereza “beep me” na atakutazama. Mwambie kwa kirefu apige mara moja akate: “Let it ring once and I’ll call you back.”

Sasa jina. “Ita” yetu hubeba kuita na kutaja jina, na “call” vilevile, lakini mpangilio ni mkali. Anayetajwa hutangulia, jina hufuata, na hapana chochote katikati: “They call him Juma.” Wengi huchomeka “as”: “They call him as Juma.” Hiyo “as” ni ya “known as”, ambako inatakiwa. Ikihama kuja kwenye “call” inakuwa kosa.

Kosa la pili ni la swali, nalo limezama kiasi kwamba hata walimu huliacha lipite. Sisi huuliza “Hii inaitwaje?” na hiyo “-je” ni ya namna, kwa hiyo tunauliza “How is this called?” Kiingereza hakiulizi namna, kinauliza kitu gani: “What is this called?” Mfaransa na Mjerumani wanateleza papo hapo kwa sababu ileile, basi tusijione wanyonge. Na “unaitwa nani?” usiifanye “How are you called?” wala “Who are you called?” Sema “What’s your name?” yaishe.

Ngoja tukae kidogo kwenye “niitie”, maana hapa ndipo kauli ya kutendea inapotega mtego. “Niitie teksi” ni “Call me a taxi”, na ni Kiingereza safi: wa kwanza ni anayetendewa, wa pili ni kinachoitwa. Mwanafunzi akishaipata hiyo, anasema “Niitie Juma” kwa mfano uleule: “Call me Juma.” Sentensi haina dosari ya sarufi hata moja, na maana yake ni “Niite Juma”, yaani jina langu ni Juma. Msikilizaji atatikisa kichwa, atakuita Juma, na Juma mwenyewe hatakuja. Kisa ni kwamba mpangilio wa “call”, mtu, nomino hubeba kauli mbili kwa pamoja, kutendea na kupa jina. Nomino ikiwa chombo cha usafiri, akili huenda kwenye huduma. Ikiwa jina la mtu, huenda kwenye utambulisho. Kwa watu tumia “for”: “Could you call Juma for me?” au, kwa lugha ya kila siku, “Could you get Juma for me?”

Nomino inapokuwa ya tusi, mpangilio huohuo huwa shutuma: “He called me a liar”, aliniita mwongo. Na angalia wingi. “He called my name” ni alitaja jina langu, kama kwenye mahudhurio darasani. “He called me names” ni alinitukana. Tofauti ni kimilikishi na herufi moja ya mwisho. Tafsiri ya “aliniita kwa majina” haitoi picha yoyote kwa msomaji wa Kiswahili, andika alinitukana.

Tuje kwenye “for”, na hapa tusiende haraka, maana maana zake nne hukaa mbalimbali.

Ya kwanza ni kudai jambo hadharani: “The union called for higher wages.” Ya pili ni kuhitaji, na mtendaji huwa kitu, si mtu: “This work calls for patience”, kazi hii inahitaji subira. Wamarekani huipeleka hadi kwenye hali ya hewa, “the forecast calls for rain”, na mfasiri asiyezoea huandika kwamba utabiri unadai mvua. Ni unatabiri mvua, basi. Ya tatu ni kupaaza sauti ukitaka kitu: “call for help”. Kuhusu gari la wagonjwa, “call an ambulance” na “call for an ambulance” zote zinakubalika, ila kwenye dharura, ile fupi ndiyo inayosikika.

Ya nne inawaponyoka wengi. “I’ll call for you at seven.” Mswahili husikia simu: nitakupigia saa moja. Mwingereza amesema nitakupitia saa moja, nije nikuchukue tuondoke pamoja. Matokeo yake ni mmoja amesimama mlangoni na mwenzake bado anaoga huku simu iko karibu. Maana hii ni ya Uingereza zaidi, na vijana wengi husema “pick you up”, lakini vitabu na watu wazima bado wanayo. Ukikusudia simu, ondoa “for”.

“On” ina mtu mbele yake. “The United Nations called on both sides to stop fighting” ni umeziomba rasmi, umezitaka. Linganisha na “called for an end to the fighting”, ambako mbele yake ni jambo. Kanuni ya haraka ni “on” kwa mtu na “for” kwa jambo, na kwa kazi nyingi za habari inatosha. Ila kuna muundo wa tatu unaoruka kanuni hiyo: “They called for the minister to resign.” Hapo kuna “for” na kuna mtu. Tofauti yake na “They called on the minister to resign” ni nani anaambiwa. Kwa “on”, waziri ndiye anayezungumzishwa. Kwa “for”, ulimwengu unaambiwa kwamba waziri yafaa aondoke, na yeye asikie akipenda. Kiswahili kinaweza kulionyesha hili: wamemtaka waziri ajiuzulu, na wametaka waziri ajiuzulu. Kiambishi kimoja, “m”, kinatofautisha. Wahariri mnaoshika kalamu nyekundu, hilo ni lenu.

Kwenye hotuba za Kiingereza zinazoandikwa na Waswahili, hiyo “on” hupotea kabisa: “I call the government to reduce taxes.” Hilo halieleweki vizuri, msikilizaji anangojea serikali ije mahali fulani. Ni “I call on the government to reduce taxes”, au “I call upon”, ambayo ni rasmi zaidi na kwenye jukwaa inapendeza. Mshereheshaji naye hutumia muundo huo kumkaribisha mzungumzaji: “I now call on the chairman to say a few words.” Na mwalimu akisema “I called on Asha” huenda alimchagua ajibu swali. Maana ya kutembelea ipo pia, “we called on our neighbours”, ingawa inazeeka. Ikiwa ni mahali, kijineno hubadilika kuwa “at”: “we called at the house”. Kwenye stesheni za Uingereza utasikia treni ikitangaziwa kuwa “calling at” vituo kadhaa. Haipigi simu popote. Inasimama.

Sasa kundi la “off”, “up”, “in”, “out” na “back”. Hili linatofautiana na “for”, “on” na “at” kwa sarufi, na tofauti hiyo inapimika. Weka kiwakilishi “it” au “him”. Kikikaa katikati, ni kundi hili: “call it off”, “call him back”, “call her in”. Kikikaa mwisho, ni lile la kwanza: “call for it”, “call on him”. Nomino kamili hukaa popote kwenye kundi hili, “call off the meeting” au “call the meeting off”, lakini kiwakilishi hakina uhuru huo. “Call back me” ni kosa zito, na lipo kwenye ujumbe mwingi sana wa simu. Sikio nalo linasaidia. Katika “call it OFF” mkazo hukaa kwenye kijineno. Katika “CALL for it” hukaa kwenye kitenzi. Mfundishe mwanafunzi kugonga meza mahali pa mkazo, na mpangilio wa maneno hufuata wenyewe.

Maana zake tuzipitie kwa kasi. “Call off” ni kufuta jambo lililopangwa. Ukiliahirisha hadi siku nyingine ni “postpone” au “put off”, na taarifa nyingi huchanganya hizi mbili. Pia humaanisha kumrudisha mbwa anayeshambulia. “Call up” kwa Mmarekani ni kupiga simu. Kwa Mwingereza ni kuandikishwa jeshini. Na kwa wote wawili ni kuteuliwa kwenye timu. “Call in” ni kumleta mtaalamu, au kupiga simu kazini, kama katika “call in sick”, kutoa taarifa kuwa unaumwa. Benki ikifanya “call in a loan” imedai mkopo wote urudishwe. “Call out” ilikuwa kupaza sauti au kumleta fundi kwa dharura. Sasa imeongeza maana ya kumkosoa mtu hadharani, “she called him out”, ambayo haihusiani na kumtoa nje. “Call back” ni kupiga tena, au kumpigia aliyekupigia.

Kauli yetu ya kutendesha, “itisha”, ina mwenzake asiye na kijineno chochote: “call a meeting”, “call a strike”, “call an election”. Tarehe 18 Aprili 2017 Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alitangaza kwamba anataka uchaguzi wa mapema ufanyike tarehe 8 Juni, na magazeti yakaandika “May calls election”. Ameitisha uchaguzi. Sasa chukua usiku wa tarehe 7 Novemba 2000, Gore na Bush walipogombea urais wa Marekani. Vituo vya televisheni vya Marekani vilifanya “call Florida for Gore”, vikafuta, baadaye vikafanya “call Florida for Bush”, vikafuta tena. Hakuna kilichoitishwa hapo. Vilitangaza mshindi wa jimbo kwa makadirio yao. Kitenzi ni kilekile, nomino ni za ukoo mmoja, lakini yupo aliyeanzisha kura na yupo aliyetangaza nani kashinda. Alama ni “for” inayofuatiwa na jina la mgombea. Hesabu zikikaribiana mno, huandikwa “too close to call”, yaani bado mshindi hawezi kutajwa.

Mfano mwingine wa wafasiri: “Gandhi was called to the bar in 1891.” Tumeona tafsiri za mashine zikimpeleka mahali pa vinywaji. “Bar” hiyo ni ya mahakama, na sentensi inasema alipokelewa rasmi kuwa wakili, London.

Kuna pia wakati ambapo “call” siyo neno. Harusini hukuitwa kwa “called”, ulialikwa, “invited”. Kwenye usaili unaweza kusema “called for an interview” bila shaka yoyote. Mamlaka ikimtaka mtu afike, neno ni “summon”, nalo lina mteremko: hutoka juu kwenda chini. Mahakama humwita shahidi, kamati ya bunge humwita ofisa, mkuu wa shule humwita mwanafunzi. Ukiandika “I summoned my director” umejiweka juu yake. Kwa mkubwa wako ni “I asked to see the director.” Hati ya mahakama, ile tunayoiita samansi, ni “a summons”: ile “s” ya mwisho si ya wingi, kwa hiyo ni “a summons was served”, na wingi wake ni “summonses”. Kwa mambo ya ndani ya mtu, “summon up courage” ni kujikaza, kujipa moyo.

Matamshi sasa, kwa dakika chache. Irabu ya “call” ni ndefu, midomo imeviringwa, na “l” hufunga neno bila kuachia “i”. “Koli” fupi ni ya kwetu. Katika matamshi ya Uingereza “call” na “coal” hazifanani: ya kwanza irabu moja iliyonyooka, ya pili irabu inayoteleza. Ndivyo ilivyo kwa “called” na “cold”. Tukizitamka zote “koldi”, “I called” na “I’m cold” hutenganishwa na muktadha pekee. “Called” ni silabi moja. Wanaosema “ko-led” wamehesabu herufi badala ya sauti. Ikifuatwa na irabu, “d” huhamia mbele, na “called off” husikika kama “kol-dof”. Wanaolalamika kwamba Waingereza humeza maneno mara nyingi wanalalamikia jambo hili hili.

Limebaki moja dogo kwa wanaotafsiri. “So-called” ikiwa na kistari na ikitangulia nomino mara nyingi hubeba dharau au shaka: “the so-called expert” ni huyo anayejiita mtaalamu. Wafasiri wengi huandika “mtaalamu anayejulikana kama”, na kejeli inapotea. Ikija baada ya nomino, bila kistari, haina dharau: “It is so called because of its shape” ni kimeitwa hivyo kwa sababu ya umbo lake. Kwa hiyo kabla hujaamua mwandishi anamdharau mtu au anaeleza tu asili ya jina, tazama kwanza kama kistari kipo, halafu nomino iko upande gani.